Siri ya mgonjwa na usawa wa huduma: mwongozo kamili kwa wasimamizi wa vituo vya afya vya Lubumbashi

Vituo vingi vidogo vya binafsi katika komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba viko katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya watu kuishi. Sebule imegeuzwa mahali pa kusubiri, chumba kimoja kimekuwa cha ushauri, kingine cha kuzalishia, na maabara imebanwa pale palipokuwa jiko. Ukuta unaomtenga daktari na watu wanaosubiri haufiki kwenye dari, au mlango wake ni pazia tu. Katika nyumba ya namna hiyo, hata muuguzi mwenye moyo safi kabisa atatoa siri za wagonjwa kila siku bila kukusudia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kuta, viti, karatasi na foleni, kwa kuwa humo ndimo siri inamopotelea na humo ndimo upendeleo unamojificha.

Siri na usawa nayashughulikia pamoja kwa makusudi. Kituo kinachowatenga wagonjwa wa aina fulani kwa mlango wao, siku yao au rangi ya fishi yao (kadi ya matibabu) kimeshautangaza ugonjwa wao kabla mtu hajasema neno. Na mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshajulikana mtaani ndiye atakayesubirishwa, atakayevaliwa glovu mbili na atakayehudumiwa upesiupesi ili aondoke.

Sheria ambazo msimamizi anapaswa kuzijua

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu katika kifungu cha 31. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya dini, ukoo, hali yake katika jamii, mahali anapokaa, maoni yake, rangi au kabila, na kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Kanuni ya adhabu, katika kifungu cha 73, inamtishia kifungo cha mwezi mmoja hadi sita pamoja na faini mtu aliyekabidhiwa siri kwa ajili ya kazi yake kisha akaifichua, isipokuwa ameitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria yenyewe inamlazimisha kusema. Kwa wanaoishi na VIH (virusi vya ukimwi) kuna sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, ambayo inakataza kuwanyanyapaa na kuwabagua. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 imeweka misingi ya huduma za afya ya umma nchini, na kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inahusu habari za watu zinazotunzwa katika kompyuta na simu.

Wanasheria wanaweza kubishana kama mlinzi wa langoni au mama anayefanya usafi naye amekabidhiwa siri kwa ajili ya kazi yake. Msingoje jaji aamue. Kila anayelipwa na kituo, pamoja na wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi, atie sahihi ahadi ya kutunza siri siku ya kwanza kabisa, na ahadi hiyo isomwe mbele yake kwa Kiswahili, kwa sababu karatasi ya Kifaransa iliyotiwa sahihi na mtu asiyeielewa haimfungi moyoni.

Hatua ya kwanza: pita njia anayopita mgonjwa

Chagua asubuhi yenye watu wengi, vua koti jeupe, keti kwenye benchi la wanaosubiri na usikilize. Ni bora zaidi kumtuma mtu ambaye wafanyakazi hawamjui. Apite langoni, mapokezi, kasha (mahali pa kulipia), ushauri, maabara na dirisha la dawa, na kila mahali aandike ni nini angeweza kukijua kuhusu mtu aliye mbele yake. Orodha hiyo kwa kawaida inawashtua wenye kituo. Mlinzi anauliza kwa sauti, "Baba, unasikia nini?" Mtu wa kasha anatamka jina la kipimo pamoja na bei. Fundi wa maabara anatokeza kichwa mlangoni na kuita jina la mtu akiwa ameshika karatasi yake iliyofunguliwa. Dirishani, dawa zinaelezwa moja moja huku watu watano wakiwa wameegemea dirisha lilelile.

Marekebisho mengi hayahitaji pesa nyingi. Benchi lililoegemea ukuta wa chumba cha ushauri lihamishwe hadi upande wa pili. Ukuta uliokoma njiani upandishwe hadi kwenye dari, hata kwa mbao nyembamba, na pazia liondolewe uwekwe mlango wa kweli. Kioo cha chini cha dirisha kipakwe rangi. Redio ikiwashwa kwa sauti ya kadiri mahali pa kusubiri, inayafunika mazungumzo ambayo ukuta haukuweza kuyazuia. Mbele ya kasha na mbele ya dirisha la dawa, chora mstari sakafuni ambao anayefuata hauvuki mpaka aitwe.

Kuna jambo moja ambalo ramani za majengo haziliwazii. Umeme unapokatika, chumba cha ushauri kinakuwa giza, muuguzi anafungua mlango ili mwanga uingie, na kuanzia hapo mgonjwa anavuliwa shati mbele ya ukumbi mzima. Kwa hiyo taa ya kwanza ya sola ambayo kituo kitanunua iwekwe katika chumba hicho, kabla ya ofisi ya mkurugenzi.

Hatua ya pili: mapokezi na fishi

Anayepokea wagonjwa anahitaji kujua mtu ni nani na kama hali yake ni ya haraka. Hahitaji kujua ugonjwa. Akimpa jetoni, yaani kadi ya foleni, maneno yanaweza kuwa haya: "Karibu, Mama. Jetoni yako ni hii. Kama una maumivu makali au unatokwa damu, niambie sasa hivi. Mengine daktari mwenyewe atakuuliza." Ikiwa mgonjwa anaona haya kusema, apewe nafasi ya kunong'ona au kusogea pembeni.

Fishi yenyewe ichunguzwe mstari kwa mstari. Jina, umri, jinsia, avenue, kitongoji na komini vina kazi: kipindupindu kikiingia mjini, anwani ndiyo inayoonyesha kisima kilichochafuliwa. Kazi ya mgonjwa nayo ina maana katika mji ambao watu wengi wanachimba, wanasaga au wanabeba mawe yenye madini, maana vumbi hilo huharibu mapafu. Lakini fishi za zamani ambazo bado zinauliza kabila au mkoa wa asili zichapwe upya. Lubumbashi inakumbuka vizuri jinsi watu wenye asili ya Kasai walivyofukuzwa katika Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mgonjwa anayeulizwa kabila lake mlangoni ana haki ya kujiuliza jibu lake litatumiwa kwa kazi gani. Ikiwa muuguzi anahitaji kujua lugha, aulize lugha.

Hatua ya tatu: foleni

Kanuni ni mbili tu: aliye hatarini anatangulia, na waliobaki wanafuatana jinsi walivyofika. Ili kanuni ya kwanza isigeuke mlango wa upendeleo, dalili za hatari ziandikwe na kubandikwa mapokezi ambapo wagonjwa pia wanaziona. Kwa watoto wadogo, dalili zinazofundishwa kila mahali ni mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea mno au kupoteza fahamu. Kwa watu wazima ziongezwe kupumua kwa shida, kutokwa damu nyingi, maumivu ya kifua, na mjamzito mwenye damu, degedege au maumivu makali ya kichwa.

Wanaovunja foleni wanajulikana: mtu wa familia ya mfanyakazi, mwenye sare, mchungaji, mteja wa kampuni, na yule anayepenyeza matabishi, yaani pesa za kumhonga mfanyakazi, ndani ya fishi. Matabishi ndiyo ugonjwa mgumu kuliko yote, kwa kuwa mshahara unapochelewa mfanyakazi anayahesabu kama sehemu ya kipato chake. Kuyakataza kwa tangazo ukutani hakutoshi. Jetoni ziwe na namba zilizochapwa, saa ya kufika iandikwe juu yake langoni, saa ya kuingia kwa daktari iandikwe na daktari, na jetoni zitunzwe. Anayeita wagonjwa asiwe yuleyule anayepokea pesa.

Watu waitwe kwa namba. Jina litamkwe ndani, mlango ukiwa umefungwa, ili kuhakikisha kwamba fishi ni ya mtu huyu kweli. Kwa wazee wasiosoma, mtu wa mapokezi awafuate walipoketi na kusema kwa upole, "Koko, zamu yenu imefika."

Hatua ya nne: ndani ya chumba cha ushauri

Chumba kina mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Desturi ya kuketisha anayefuata kwenye kiti cha nyuma "ili tusipoteze muda" ikomeshwe bila majadiliano, maana muda unaookolewa hapo ni ule ambao mgonjwa wa kwanza ameutumia kuficha ukweli.

Ndugu wanaosindikiza ni suala gumu zaidi, kwa kuwa kwetu mgonjwa haji peke yake, na kumfukuza mama mkwe chumbani ni kumwachia mke vita vya kupigana akirudi nyumbani. Njia nzuri ni kuufanya utaratibu uwe wa kituo, usionekane kuwa ombi la mgonjwa. Kila mtu mzima, bila ubaguzi, aonwe peke yake kwanza kwa dakika chache, kisha ndugu aingie ikiwa mgonjwa amekubali. Muuguzi aseme, "Mama, hapa tunaanza na mgonjwa peke yake, ni utaratibu wetu kwa wote. Tutawaita." Maswali kuhusu mimba, uzazi wa mpango, kupigwa nyumbani au magonjwa ya zinaa yawekwe katika dakika hizo. Kijana naye apate nafasi hiyohiyo, hata kama mzazi ndiye analipa.

Mwanafunzi wa uuguzi au wa udaktari anaweza kuwapo mgonjwa akikubali, na aombwe kabla mwanafunzi hajaingia. Ombi linalotolewa wanafunzi wanne wakiwa wameshasimama kando ya kitanda halina kukataa ndani yake.

Kuhusu lugha, mgonjwa anayezungumza Kiswahili tu asihudumiwe kwa Kifaransa kisha akaambiwa haelewi. Anayesema Kiluba au Kibemba atafutiwe mkalimani kati ya wafanyakazi waliotia sahihi ahadi. Jirani aliyekuja naye asitumiwe isipokuwa hali ni ya haraka, na mtoto wa mgonjwa asitafsiri kamwe habari za mwili wa mama yake.

Hatua ya tano: karatasi, rejista na simu

Rejista ya ushauri inakusanya katika ukurasa mmoja majina, umri, anwani na magonjwa ya watu ishirini, na mara nyingi inalala wazi mezani mbele ya mgonjwa wa ishirini na moja. Ifunikwe kwa karatasi ngumu inayoacha wazi mstari mmoja tu, na jioni ifungiwe kabatini. Ufunguo uwe na mwenye kuujibia. Jibu la maabara likunjwe au litiwe bahasha, likabidhiwe mkononi mwa mgonjwa au lipelekwe kwa daktari na mfanyakazi, lisikabidhiwe mtoto aliyetumwa. Karatasi zilizoharibika zichomwe, zisiende kufungia maandazi sokoni.

Simu imezidi rejista kwa hatari. Picha ya kidonda au ya jibu la maabara inayotumwa katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi inabaki katika simu za watu ambao wengine wameshaacha kazi. Ushauri wa mbali uombwe kwa daktari mmoja, bila jina wala uso, na picha ifutwe. Anayempigia mgonjwa asijitambulishe kwa jina la kituo mpaka ahakikishe anazungumza na mwenyewe, kwa kuwa simu moja huweza kutumiwa na nyumba nzima.

Hatua ya sita: fakitire ya kampuni

Hapa mji wetu una tatizo lake la pekee. Kanuni ya kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtwika mwajiri jukumu la matibabu ya mfanyakazi na familia yake. Kwa hiyo kampuni za madini, za uchukuzi na za ulinzi zinafunga mkataba na vituo: mfanyakazi anafika na boni yake (karatasi ya mwajiri ya kumruhusu atibiwe), anatibiwa, na mwisho wa mwezi fakitire, yaani hesabu ya malipo, inapelekwa kwa mwajiri. Katika fakitire hiyo yumo mtu kwa jina lake, na kando yake kila kipimo na kila dawa aliyopewa. Karani wa ofisi ya wafanyakazi hahitaji kuwa daktari ili aelewe maana ya kipimo cha mimba kwa mwanamke mwenye mkataba wa miezi mitatu, au kipimo cha kohozi, kinachotafuta kifua kikuu, kwa mtu wa kazi ya chini ya ardhi.

Suluhisho ni kutengeneza karatasi mbili. Ya kwanza, inayokwenda kwa mwajiri, ionyeshe namba ya boni, tarehe, aina ya huduma kwa maneno ya jumla (ushauri, maabara, dawa, kulazwa) na kiasi cha pesa. Ya pili, yenye maelezo yote, ibaki kituoni, na anayeruhusiwa kuikagua ni daktari wa kampuni peke yake, ambaye naye amefungwa na siri ya kazi. Utaratibu huu uandikwe ndani ya mkataba kabla ya sahihi, kwa sababu baada ya sahihi mwajiri atasema kwamba analipa na kwa hiyo lazima ajue. Najua kituo kidogo kinaogopa kumpoteza mteja mkubwa. Lakini wafanyakazi wenyewe wakijua kwamba kila kipimo kinasomwa ofisini, watakwenda kutibiwa kwingine kwa pesa zao na kuja kwenu kuchukua dawa za malaria tu.

Vivyo hivyo kwa vyeti. Cheti cha kupumzika kinataja idadi ya siku. Cheti cha kazi kinasema anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti, kwa mfano asiinue mizigo au asikae penye vumbi. Jina la ugonjwa halimo. Mwajiri akileta kundi la watu wanaotafuta kazi na kuomba wapimwe VIH katika damu ileile ya vipimo vingine bila wao kujua, jibu ni hapana: kipimo hicho hakifanywi bila ridhaa ya mpimwaji, na jibu lake ni mali yake.

Fikirieni pia mke anayetibiwa kwa boni ya mume. Nakala inayorudi kwa mume iwe ile ya jumla.

Mwenye boni na mwenye faranga zake mkononi wasubiri benchi moja. Mkataba unaweza kuahidi chumba kizuri zaidi cha kulazwa; usiahidi kumwona daktari kabla ya mtu aliye katika hali mbaya zaidi.

Hatua ya saba: VIH na kifua kikuu

Mlango wenye maandishi makubwa ya VIH ni tangazo la ukutani lenye majina ya watu, hata kama hakuna jina lililoandikwa. Wanaochukua ARV, yaani dawa za VIH, wachanganywe na wagonjwa wa shinikizo la damu na wa kisukari katika siku moja ya magonjwa ya muda mrefu, dirisha moja, mfuko mmoja usioonyesha kilichomo. Mhudumu wa jamii anayewatembelea nyumbani asivae fulana yenye jina la mradi wa VIH. Glovu zivaliwe kulingana na kazi, yaani penye damu, kidonda au maji ya mwili, na kwa mgonjwa yeyote, maana hakuna anayejua kwa macho ni nani ameambukizwa.

Kifua kikuu ni tofauti kidogo, kwa sababu kinaambukiza kwa hewa na kutenga kuna sababu ya kitabibu. Lakini kinachotengwa ni kikohozi, na kila anayekohoa anahusika: kila mwenye kikohozi apewe barakoa langoni na kuketi nje penye hewa, awe na mafua au na kitu kingine, na aliyekohoa wiki mbili au zaidi atoe kohozi lipimwe. Kwa njia hiyo benchi la nje halisemi lolote juu ya mtu. Matibabu kwa kawaida yanachukua miezi sita, kwa hiyo mgonjwa ataonekana kituoni mara nyingi, na kila safari ni nafasi ya kumfichua au ya kumstahi.

Hatua ya nane: pale siri inapopaswa kufunguliwa kidogo

Kipindupindu, surua na mpox lazima vitolewe taarifa kwenye ofisi ya zone ya afya (ofisi ya serikali inayosimamia afya ya eneo lenu). Taarifa inakwenda kwa wenye kazi hiyo, haiendi kwa mkuu wa avenue wala kanisani. Timu ya kunyunyiza dawa inapotumwa nyumbani, familia ielezwe mapema ili isishtukizwe mbele ya majirani.

Aliyebakwa asikae kwenye benchi hata dakika moja. Dawa za kuzuia VIH zina maana zikianza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Asimulie mara moja tu, kwa mtu mmoja, katika chumba kilichofungwa, na cheti cha daktari akabidhiwe yeye mwenyewe, nakala ifungiwe. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji na ukatili wa kijinsia zimeimarisha adhabu na kinga ya waathirika mbele ya mahakama, lakini hazimpi polisi aliyesimama mlangoni ruhusa ya kufungua rejista. Ombi lolote la vyombo vya sheria lije kwa maandishi, lijibiwe na msimamizi peke yake, kwa lile lililoulizwa tu, na liandikwe katika daftari lake. Kwa mume, mchungaji, mjomba na bosi wanaopiga simu kuulizia, jibu ni moja: "Mwulizeni mwenyewe."

Hatua ya tisa: wenye deni na wenye malalamiko

Orodha ya wadaiwa isibandikwe ukutani. Mtu aliyepona asizuiliwe wodini kwa ajili ya deni wala mama asinyang'anywe mtoto. Aandikiane na kituo jinsi atakavyolipa kidogo kidogo, na anaporudi akiwa mgonjwa, deni la zamani lizungumzwe baada ya kuonwa. Aliye hatarini ahudumiwe kabla ya kuulizwa pesa. Kanuni ya adhabu inamhusu pia anayemwacha mtu katika hatari bila kumsaidia.

Sanduku la malalamiko liwe karibu na choo, mahali ambapo mtu anaweza kutia karatasi bila kutazamwa, na ufunguo ushikwe na mjumbe wa kamati ya afya ambaye hafanyi kazi kituoni. Wajumbe wasomewe malalamiko bila majina, na wasipewe fishi za wagonjwa kwa kisingizio cha ukaguzi.

Mwisho wa mwezi, toeni jetoni zilizotunzwa na mzipange katika mafungu matatu: waliolipa mkononi, wenye boni na wenye deni. Wale walioingizwa kwa dalili za hatari wawekwe kando. Kisha linganisheni muda wa kusubiri wa kila fungu. Fungu moja likizidi mengine kwa mbali, tafuteni siku zenye tofauti kubwa, mwone nani alikuwa zamu mapokezi na nani kwenye kasha siku hizo, na mwanze kuzungumza na hao.